Mrija wa Maji na Shamba la Kaka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu mwandamizi wa maabara yetu ya magonjwa ya mimea anastaafu tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Mama Maji, jina alilolipata kwa haki.

Katika kila awamu ya vipimo vya vinasaba alitenga mrija mmoja usio na udongo wala jani, ila maji matupu. Mashine ikidai kuona kuvu ndani ya maji hayo, ilimaanisha vipimo vimechafuliwa, na kazi ya siku nzima ilimwagwa na kuanza upya, hata kama mkurugenzi alikuwa mlangoni akisubiri majibu. Vijana waliponung'unika, aliwaambia kwamba huyo ndiye shahidi pekee asiyejuana na mtu.

Alianza kwa kuosha vyombo. Anaondoka akiwa ameandika mwongozo wa kutambua kuvu ya mnyauko wa migomba, ambao leo unafuatwa na maabara nne.

Miaka kumi na tisa iliyopita, sampuli namba 214 ilionyesha kuvu hiyo. Sampuli hupimwa bila majina. Alipofungua daftari ili aandike barua, alikuta shamba ni la kaka yake. Alirudia kipimo mara tatu akitumaini, kama alivyokiri baadaye, kwamba maji yangekutwa machafu. Yalikuwa safi. Alitia saini, na migomba yote ikang'olewa. Kaka yake alimuuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, hayo maji yako hayakosei hata siku moja?"

Tangu hapo, kila mwaka alichota udongo wa shamba hilo kwa mkono wake, akitamani kulitangaza safi kabla ya kustaafu. Mashine huenda mizunguko arobaini. Kadiri ishara inavyochelewa kutokea, ndivyo kuvu ilivyopungua udongoni. Mwaka wa kwanza ilitokea katika mzunguko wa ishirini na mbili. Mwezi uliopita, wa thelathini na nane. Mwenzetu mmoja alisema hiyo ni sawa na kutokuwepo. Mama Maji aliutazama mrija wake wa maji, ambao haukuonyesha kitu hadi mzunguko wa mwisho, akaandika: ipo.

Kaka yake, ambaye sasa ana miaka sabini na sita, alikuja mwenyewe kuchukua barua. Aliisoma, akaikunja mara mbili. "Haya, mdogo wangu. Tuonane mwakani." Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkumbusha kwamba mwakani dada yake hatakuwa tena maabara.

Udongo huo tutauchota sisi, na mrija wa maji utakuwepo. Ahsante, Mama Maji. Majibu tutakuletea nyumbani, yawe yalivyo. Tunakutakia afya, na siku nyingi za kutosha kuyasubiri.