Kiatu cha Kulia Kilikuwa Guniani

Mgeni rasmi, mama yetu Ofisa Elimu. Mwalimu mkuu, walimu na wazazi wetu, shikamooni.

KARIBU

Sisi wanamichezo wa darasa la tano na la sita tunakukaribisha kwa furaha. Maboksi ya viatu vya mpira uliyotuletea tumeyaona, na wenzetu wa mstari wa mbele wameshaanza kusoma namba za viatu. Tunavipokea kwa mikono miwili. Ahsante sana, mama.

TULIKOTOKA

Mwaka jana timu yetu ilikuwa ya mguu mmoja. Mpira ukija kushoto, mchezaji anazunguka mzima mzima kuutafutia mguu wa kulia, na akimaliza kuzunguka, mpira umeshaondoka. Shule jirani walitujua. Walitufunga saba, siku nyingine tisa.

Ndipo mwalimu wetu wa hesabu akapewa kusimamia michezo. Yeye mwenyewe hafikishi danadana tatu, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kufundisha anajua. Siku ya kwanza alisema, "Vueni kiatu cha kulia, leteni hapa." Akavitia vyote guniani, akafunga kamba hadi mwisho wa mazoezi. Ukipiga mpira kwa vidole vitupu unaumia, basi wenyewe tukaanza kutumia wa kushoto.

TULICHOFANIKIWA

Wiki ya kwanza mipira yote ilikwenda kwa majirani. Wiki ya tatu pasi zikaanza kufika. Mwenzetu tunayemwita Kiberiti, aliyekuwa akiogopa hata kurusha mpira, sasa anapiga kona kwa kushoto na kipa anabaki kuisindikiza kwa macho. Muhula uliopita tulitoka sare mara mbili na kushinda mara moja. Ushindi huo tuliusimulia nyumbani mpaka tukafukuzwa tukaoge.

CHANGAMOTO

Mama, hapa tunaomba radhi mapema. Siku ile ulipopita na gari ukasimama kwenye uzio, ulituona tumevaa kiatu kimoja kimoja. Ulimuuliza Kiberiti, "Kingine kiko wapi?" Akajibu, "Mwalimu amekichukua." Alisema kweli, ila aliishia hapo, maana mpira ulikuwa unamjia.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka ofisini kwako: mwalimu anawanyang'anya watoto viatu, asionekane tena uwanjani. Tulikuwa ishirini na wawili siku ile, na hakuna hata mmoja aliyekimbilia gari kukueleza. Kosa ni letu sote. Kiberiti ndiye huyu anayekusomea. Ameomba mwenyewe, na sauti ikitetemeka mtuvumilie.

Hii ni wiki ya tano. Kila saa kumi mwalimu anafunga dirisha linaloelekea uwanjani, anasahihisha madaftari. Inatuuma sana.

MAOMBI

Tulishauriwa tuombe nyavu za magoli na bomba la maji. Hayo yatasubiri. Ombi letu ni moja: barua ile ifutwe. Jumamosi tunacheza na hao hao waliotufunga tisa, na bila mwalimu wetu hatutaki kuingia uwanjani.

Ameketi kiti cha mwisho, karibu na mlango. Hajui kwamba tumeandika haya, na tunavyomjua, sasa hivi anatafuta njia ya kutoka. Mama, tunakuomba umwite aje mbele.

Mungu akuzidishie afya na subira, na akulindie watoto wako popote wanapocheza.

Ni sisi,
Wanamichezo wa darasa la tano na la sita