Benchi Jipya la Fundi Randa

Benchi la mbele ya karakana lilikuwa na siku mbili tu, na Fundi Randa hakuwa amechoka kulisifia. Lile la zamani lilivunjika na watu wanne juu yake. Mzee Vyumba, mwenye nyumba ndefu ya wapangaji hapo nyuma, akatoa mlango wa kijani, akasema ulikuwa wa stoo na hauna kazi. Fundi akaupigilia miguu, basi. Hata tundu la kitasa lilipata kazi, Kinyozi akitulizia humo kikombe chake cha kahawa. Asubuhi hiyo walikuwa wakibishana, maana redio ilisema kila mtu ana haki ya makazi bora.

— Bora ndiyo nini? akauliza Kinyozi. Mimi nasema paa. Mengine mbwembwe.

— Wewe unanyoa watu chini ya mwavuli, akasema Fundi. Habari za paa unazijulia wapi?

— Basi hata mwavuli ni nyumba. Konokono anatembea na yake mgongoni, umewahi kumsikia analalamika?

Mzee Vyumba akapuliza kahawa yake.

— Mnawadekeza wapangaji. Leo dirisha, kesho choo, keshokutwa watataka na upepo. Kuta tatu zinamtosha mtu. Ya nne aweke heshima yake.

Wakacheka, na Fundi akacheka kuliko wote. Bado wanacheka, akatokea mama mmoja kijana, kitoto kichanga kifuani, akawaamkia kwa adabu. Mzee Vyumba akaanza kukichungulia kikombe chake.

— Samahanini, baba zangu. Fundi wa milango ndiye nani?

— Ndiye mimi, mwanangu.

— Nilikwenda kwa mama kujifungua. Nimerudi jana, chumba changu kina shuka tu mlangoni. Usiku kucha nimekaa macho na mtoto. Mzee hapa aliniambia mlango umeletwa kwako utengenezwe. Umeshakuwa tayari?

Kinyozi akakinyanyua kikombe chake taratibu kutoka kwenye tundu la kitasa. Fundi Randa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mlango aliujua ni mlango tangu siku ya kwanza. Ila hakuuliza kama kweli ulikuwa wa stoo. Akamtazama Mzee Vyumba, na Mzee Vyumba akatazama barabarani.

Fundi akasimama, akachukua nyundo yake.

— Inukeni, akasema.

Kinyozi aliinuka. Mzee Vyumba akasema kwanza amalizie kahawa.