Bi Kaza na Mafagio Yaliyozungushwa Kushoto

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Kaza atastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya mafagio ya asili kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hiyo miezi minne ameidai mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliisahau, naye akanirudishia karatasi kama anavyorudisha fagio lililolegea: bila neno, katikati ya meza, upande wa kasoro ukiwa juu.

Jina la Bi Kaza alipewa wiki yake ya kwanza kazini, kwa kuwa neno “kaza” lilimtoka mara nyingi kuliko salamu. Alikuja na ufundi wake tayari. Bibi yake mzaa mama alifunga mafagio ya chelewa, zile njiti za katikati ya jani la mnazi, kwa mikanda mitatu ya kamba, na alimfundisha uani kabla hajajua kusoma. Sisi tulikuwa tunafunga mikanda miwili na kujiona mafundi. Haukupita mwaka, karakana nzima ikahamia mikanda mitatu.

Vya kuchekesha ni vingi. Kuna mwaka ofisi ilinunua mafagio ya plastiki ya kufagilia vyumba vya utawala, humu humu kwenye karakana ya mafagio. Bi Kaza hakulalamika. Siku ya kikao, kila kiongozi aliyeingia alikuta fagio la chelewa limekalia kiti chake, na hakuna aliyethubutu kuuliza limewekwa na nani. Ya plastiki hayakuonekana tena. Jumba la makumbusho nalo liliwahi kuomba fagio la kuweka ndani ya kioo. Aliwapelekea alilokuwa ameshalitumia kufagia nyumbani kwake miezi miwili. Waliposema wanataka jipya, akawajibu kwamba jipya hawezi kulidhamini, maana bado hajaliona likifanya kazi. Lile la zamani ndilo lililopo kwenye kioo hadi leo.

Lakini niliomba niandike mimi, jirani yake wa meza, kwa ajili ya jambo lisilochekesha.

Miaka tisa iliyopita niliugua. Nilirudi kazini baada ya miezi miwili, mzima wa kutazamwa, ila vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Mke wangu ndiye aliyenifunga vifungo vya shati, na nilimwapisha asiseme popote. Kanuni ya karakana wakati huo ilikuwa fupi: fundi asiyeweza kufunga hana meza. Basi nilifunga hivyo hivyo, kamba nikiivuta kwa meno na kuibana kwa goti, nikiwapa wenzangu mgongo. Cha ajabu, mafagio yangu yalipita. Mkaguzi wetu hushika njiti moja ya katikati akaivuta. Ikitoka, fagio linarudi kwa mwenyewe. Za kwangu hazikutoka. Nikaamini mkono unapona. Nikaanza hata kujisifu kidogo.

Mwezi wa saba tangu nirudi, mkaguzi aliona kitu. Bi Kaza hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kamba yake huzunguka upande ambao ya mwingine yeyote haizunguki. Mafagio yenye alama ya meza yangu, karibu yote, yalikuwa yamezungushwa hivyo. Tukaitwa wote wawili kwa meneja. Nikajua hapo, mbele za watu, kwamba kila nilipokwenda kula Bi Kaza alibaki nyuma, akayatoa mafagio yangu kwenye tenga, akayafungua na kuyafunga upya. Mimi yakishaingia kwenye tenga sikuwa nikiyatazama tena.

Meneja alimuuliza kama anajua kwamba kuficha jambo la namna ile kunaweza kumfukuzisha kazi. Alikubali kwamba anajua. Wakati huo shemeji yetu, mumewe, alikuwa hana kazi, na nyumba nzima ilikuwa ikimtazama yeye. Meneja akamuuliza sababu.

“Njiti amechambua yeye, na hapa hakuna anayechambua kama yeye,” alisema Bi Kaza. “Kamba nimefunga mimi. Fagio halina kasoro. Kama kuna kosa, barua niandikieni mimi. Yeye hajui lolote.”

Meneja akatuambia turudi mezani mpaka atakapoamua. Mtu mwingine angemshukuru pale pale. Mimi nilitoka bila kumwangalia. Niliona amenivua nguo hadharani. Siku tisa sikumsalimia, na meza zetu zinatengana kwa hatua moja. Nyumbani nililalamika kwamba nimefanywa mtoto mdogo. Mke wangu alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama muda wa kula ndio Bi Kaza aliokuwa akifunga mafagio yangu, je, yeye mwenyewe alikuwa anakula saa ngapi. Miezi saba, na sikuwa nimewahi kujiuliza.

Siku ya kumi nilifika kazini na maneno niliyoyapanga njiani. Bi Kaza hakuyasubiri. Alinyanyua mzigo wa njiti ambazo hazijachambuliwa, akauweka mezani kwangu.

“Chambua, mdogo wangu,” alisema. “Leo zimechanganyika, mimi sizioni vizuri.”

Nilichambua ndefu kwa ndefu, ngumu kwa ngumu, yeye akafunga. Ilipofika saa ya kula tulikwenda wote wawili.

Barua ya onyo aliandikiwa, na imo kwenye faili lake mpaka leo, ya kwanza na ya mwisho. Lakini meneja yule yule, baada ya kuhesabu mafagio yaliyokuwa yanatoka kwenye meza zetu mbili, aliibadilisha kanuni: mmoja anaweza kuchambua na mwenzake akafunga. Leo jozi nne za meza zinafanya kazi hivyo. Watu watatu ambao wangerudishwa nyumbani kwa sababu ya mgongo, macho au vidole, wanaingia getini kila asubuhi kama wenzao.

Kuanzia Jumatatu Bi Kaza anasema atalala mpaka saa mbili, na chai itapikwa na shemeji, ambaye ameshaonywa. Mafundi arobaini na mmoja waliojifunza mikanda mitatu kwake wataendelea kuvuta kamba bila mtu wa kuwasimamia kichwani. Zawadi yake imefungwa. Ameomba tu isiwe fagio.

Dada, karakana yote inakuombea afya, siku ndefu na nyumba yenye utulivu. Wenzangu wamekushukuru kwa kazi. Mimi nilitoka ofisini kwa meneja bila kusema kitu, na kwa miaka tisa tumekaa meza kwa meza nikijidanganya kwamba unajua. Asante kwa chakula chote ambacho hukukila.