Ada ya Dufie na Msiba wa Jumamosi

Benchi la Mallam Salifu lipo Tafo, mjini Kumasi, pale njia ya sokoni inapokutana na njia ya makaburini, na kwa kuwa kila Jumamosi kuna wa kusindikizwa, biashara yake ya chai hailali. Ng'ambo ya barabara ni banda la Kwaku Dankwa, fundi pancha, ambaye huvuka kuja kukaa kila asipokuwa na tairi la kuziba. Jumatano hiyo alivuka mapema, na barua ya chuo mfukoni, imekunjwa mara nne. Dufie, binti yake, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia. Ada ya muhula wa kwanza ilitakiwa benki kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi inapewa mwingine, na hela aliyokuwa nayo Kwaku, pamoja na ya mbuzi aliyemuuza Jumapili, ilikuwa pungufu kwa sedi elfu moja na mia mbili. Hakuja kuomba. Alikuja kunywa chai, na hilo alilirudia kimoyomoyo mpaka akakaribia kuliamini. Lakini chai ya Mallam ni nzito, ina maziwa ya kopo na siri haikai juu yake. Kikombe cha kwanza hakijaisha, benchi zima lilikuwa limeshaisoma barua.

— Elfu moja na mia mbili tu? — alisema Borga. — Hiyo siyo hela, bana. Hamburg nilikuwa naiacha mezani kwa mhudumu.

Borga aliishi Ujerumani miezi kumi na minne, miaka ishirini iliyopita, na koti alilorudi nalo analivaa mpaka leo, jua liwake lisiwake.

— Basi iache na hapa mezani, — alisema Mama Afriyie bila kuinua macho. Yeye ni fundi cherehani, na wiki hiyo alikuwa na magauni kumi na tisa ya msiba wa Mzee Poku, kwa hiyo hata chai alikuwa anainywa huku anapinda pindo.

— Mama, hela zangu zipo kwenye mzunguko.

— Zinazunguka tangu uliporudi. Hazijapata kizunguzungu?

Aliyecheka zaidi alikuwa Mahakama. Huyu alibeba mafaili ya kesi miaka thelathini, na sheria yote anayoijua aliisikia kupitia tundu la mlango.

— Kwaku, usilipe, — alisema, akajifuta mdomo. — Kishtaki chuo.

— Kwa kosa gani?

— Kumwita mtoto wa watu. Nani kamwita Dufie? Wao. Barua hii hapa, mhuri huu hapa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake siku mbili za kwanza anatakiwa ale bure!

— Masomo yenyewe miaka minne, Mahakama.

— Ndiyo maana nasema kesi ina uzito.

Kwaku alicheka na wenzake.

— Na ule mkopo wa wanafunzi? — aliuliza Mallam, akimimina chai kutoka juu kabisa bila kumwaga tone.

— Nimeulizia. Mkopo anapewa aliyekwisha kusajiliwa. Na kusajiliwa, lazima uwe umelipa.

— Kwa hiyo ukitaka kukopa hela lazima uwe nayo.

— Ndivyo alivyoniambia yule dada wa dirishani. Na alikuwa mpole kweli.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Mahakama, akatikisa kichwa kana kwamba ameshalimaliza suala.

— Ukoo je? — aliuliza Mama Afriyie.

— Nimewapigia wa upande wa mama yake, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba mkubwa kasema ukoo una msiba Jumamosi, michango yote imeenda kwa Mzee Poku. Nisubiri.

— Usubiri mpaka lini?

— Mpaka arobaini iishe.

Borga aliposikia jina la Poku alichangamka kama mtu aliyetajiwa sikukuu.

— Ule msiba utakuwa wa kukata na shoka! Mahema saba, tarumbeta, jenereta mbili. Maiti yupo kwenye jokofu wiki ya sita, anasubiri nyumba yake imalizwe kupakwa rangi.

— Nyumba ile ile iliyokuwa inamvujia akiwa hai, — alisema Mallam.

— Sasa hivi haivuji. Paa lote jipya!

Borga alisimamisha kikombe njiani. Waliomzoea walijua kuna jambo linakuja, na kwamba halitakuwa na akili.

— Jamani. Sisi hatuna shida ya hela. Hela ipo. Shida ni kwamba haitoki mpaka mtu afe.

— Ehe?

— Basi afe mtu.

— Nani?

Wote wakamgeukia Kwaku.

— Msinitazame hivyo, — alisema Kwaku.

— Siyo kufa kufa, kaka. Kufa kidogo. Leo unakufa, kesho tunachanga, Ijumaa saa tano Dufie analipa, jioni unafufuka.

— Afufuke mapema basi, — alisema Mama Afriyie. — Jumamosi ni ya Poku, siwezi kushona misiba miwili.

— Na nikishafufuka, watu si watadai chao?

Mahakama aliinua kidole.

— Kisheria, aliyefufuka hadaiwi. Deni linakufa na mwenyewe, na deni likishakufa halifufuki. Nilimsikia hakimu kwa masikio yangu.

— Alisema hivyo hivyo?

— Mlango ulikuwa umefungwa. Lakini sauti ilikuwa ya namna hiyo.

Hapo ndipo dada mmoja alipovuka barabara, akaagiza chai na mkate, akakaa mwisho wa benchi. Alikuwa muuguzi mgeni wa zahanati, Ayinpoka jina lake, amehamishwa kutoka kaskazini wiki iliyotangulia. Pikipiki yake ilikuwa imelazwa mbele ya banda la Kwaku, imeshazibwa, gundi inakauka. Wakamsogezea nafasi kwa adabu, wakaendelea.

— Bango nalitengeneza mimi, — alisema Borga. — Picha ya Kwaku kavaa tai. Chini tunaandika: Ameitwa nyumbani, Mzee Kwaku Dankwa, miaka themanini na saba.

— Mimi nina hamsini na moja!

— Akifa wa hamsini na moja watu wanauliza maswali. Akifa wa themanini na saba wanauliza chakula.

— Hapo kasema kweli, — alisema Mama Afriyie. — Tena wa themanini na saba namshonea nyeupe na nyeusi. Nyekundu ni ya waliokatishwa maisha mapema.

— Atajificha wapi sasa?

— Stoo kwangu, nyuma ya sukari, — alisema Mallam. — Ila asikohoe. Na asiile.

— Na jeneza? Watu watataka kubeba kitu.

— Tunajaza matairi, — alisema Borga. — Watu watasema mzee alikuwa na uzito wake. Halafu anakuja mtangazaji na kipaza sauti, kutaja kila aliyechanga. — Akasimama, akashika kijiko mdomoni. — Kutoka Ujerumani, Bwana Borga, sedi mia nne!

— Mia mbili na hamsini, — alinguruma Mahakama. — Wastaafu wa mahakama, tawi la Tafo!

— Tawi lenu mko wangapi?

— Mimi. Andika.

— Mimi mia tatu, — alisema Mama Afriyie, na sindano ikasimama. — Kwaku kanizibia magurudumu ya toroli miaka kumi, hata siku moja hakunidai papo hapo. Mia tatu, siwezi kumzika kwa chini ya hapo.

— Mimi mia, — alisema Mallam, — na chai ya watakaokesha.

Kwaku aliona raha, kisha akaona uchungu, vyote viwili kwa mpigo. Katika miaka yake yote hajawahi kuambiwa na mtu kwamba anastahili mia tatu. Akajikuta anajumlisha bila kutaka. Elfu moja na hamsini. Angekufa kweli, Dufie angekuwa amebakiza mia moja na hamsini tu.

Ayinpoka alimeza mkate wake, akafuta makombo.

— Samahanini wakubwa zangu. Mimi ni mgeni. Hizo hela mnazo sasa hivi?

Borga alishusha kijiko. Mahakama alitazama ndani ya kikombe chake, akakuta hakuna kitu, akaendelea kutazama. Mallam akainua birika kuwajazia, likatoa tone moja na mvuke.

— Binti, — alisema Mahakama hatimaye, — swali hilo halimo kwenye shauri.

— Nataka tu kuelewa. Akifa mnazo. Na hajafa. Sasa zinakuwa wapi?

Kwaku alitamani yule dada aache, maana aibu ilikuwa inampanda mpaka masikioni. Tena alitamani asiache. Akaivuta barua yake kutoka mikononi mwa Borga, akaanza kuikunja.

Mama Afriyie akaweka gauni la msiba pembeni. Akafungua fundo la khanga kiunoni, akahesabu taratibu, akaziweka noti kwenye sahani ya mkate.

— Mama, — alinong'ona Mahakama, — hajafa mtu.

— Najua. Miaka arobaini nachanga, hakuna marehemu hata mmoja aliyewahi kuniambia asante. Leo nataka niisikie.

— Asante, — alisema Kwaku.

— Mnaona? Kumbe inasikika.

Mia ya Mallam ikatoka kwenye kopo la Milo. Mahakama akaomba udhuru, akaenda nyumbani mwendo wa mtu anayekimbilia kesi, akarudi na mia mbili na hamsini zinazonuka dawa ya nondo. Wakabaki wakimtazama Borga.

— Ile mia nne ilikuwa ya marehemu, — alisema Borga. — Kwa mtu aliye hai, mia mbili. Tena nitangazwe! Sitoi hela ya kimyakimya mimi.

— Utangazwe wapi, hapa barabarani?

— Popote. Ila waseme Ujerumani.

Basi Mallam, ambaye koo lake ndilo huamsha mtaa mzima kwa swala ya alfajiri, akapanda juu ya benchi. Akamtangaza Borga, na Ujerumani yake. Akawatangaza Mahakama na Mama Afriyie. Akamtangaza na Ayinpoka, aliyekuwa ameongeza hamsini kimyakimya. Sauti ikafika sokoni. Watu wakaanza kusimama. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani akavuka huku tayari ameshakunja uso wa huzuni na mkono umeshaingia kifuani kutafuta noti.

— Jamani, nani kafa?

— Hajafa mtu, — alisema Kwaku. Ilibidi aseme mara mbili. — Binti yangu anakwenda chuo.

Yule mama alibaki na noti yake hewani, huzuni haijui pa kwenda.

— Sasa mimi niseme pole, au niseme nini?

— Sema hongera, — alisema Mama Afriyie, akimsogezea sahani. — Jina lako nani, utangazwe?

Wapita njia wengine wakamfuata, na kabla ya adhuhuri sahani ilikuwa na elfu moja mia mbili na kumi, na Borga alikuwa anadai ile kumi iliyozidi ni ya kwake.

— Hiyo ni nauli ya benki, — alisema Mama Afriyie. — Kwaku, mbona bado umekaa? Au mpaka tukubebe?