Sahani ya Wifi

Kabla sijaanza, mama zangu, yule aliyekaa nyuma ya nguzo amekuja na nani? Shemeji wa mwenye nyumba? Sawa, asogee mbele nimwone uso. Mnacheka, lakini katika mji wetu huu wa Koboko, siku hizi lazima ujue nani anakusikiliza.

Mmeniita kwa sababu na nyinyi mna vijana ndani wanaotetemeka. Nitasema ya kwangu, majina sitataja.

Mwanangu alikuwa askari. Gari lao lilipinduka njia ya Arua, akavunjika mguu. Hospitali walimchoma mofini kwa maumivu, na mguu ukapona, ila alirudi nyumbani bado anaitaka ile dawa. Akiikosa anapiga miayo, kamasi zinamtoka, miguu inarusha blanketi. Akaanza kuinunua kwa watu wa sokoni. Ndugu zangu, aliuza hata viatu vyangu vya Idi.

Daktari mmoja wa Arua akanipa vidonge vya kumpunguzia kidogo kidogo. Akasema, "Mama, dawa hii ishikwe na mtu mmoja tu." Nikaifunga kwenye pindo la leso, nikalala nayo. Kijana nikamfungia ndani. Lakini dawa ilivyopungua yeye akazidi kusinzia vizuri, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano. Nikajua kuna mtu anamletea.

Nani? Nikamshuku kila aliyeingia. Zaidi nilimshuku jirani yetu Mkongo, mama Mkristo muuza samaki wakavu, aliyekaa na mgonjwa nikienda kisimani. Nilipekua kikapu chake, nikanusa samaki mmoja mmoja. Nawaambia, nilimchukia kwa wema wake. Siku hizi nani anakuja bure?

Chakula cha mgonjwa kilitoka kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Mnatujua sisi. Sahani ikitumwa kwa mgonjwa chini ya tabaga, kawa letu la rangi, anafunua mwenyewe. Mama mzima ufunue chakula cha mwingine, utaficha wapi uso? Mimi niliyenusa samaki sikuwaza hata kuligusa lile kawa.

Siku moja narudi na maji, namkuta Mkongo amelifunua. Nikapiga kelele.

"Wewe! Chakula iko ya mgonjwa, unafunua kama nani?"

"Mama, usikasirike. Inapoa, nataka kumulisha. Lakini angalia, hii iko nini?"

Chini ya mkate wa kisra kulikuwa na kikaratasi, ndani yake vidonge vilevile vya watu wa sokoni. Mwanangu akajifunika uso. Nikakaa chini na mtungi wangu.

Nikamfuata wifi na kile kikaratasi mkononi, nataka kumrarua. Akaangua kilio.

"Mtoto alisema wewe na daktari munamuua! Alie hivyo, mimi nanyamaza tu?"

Alikuwa anampenda, basi. Ila hakuwahi kukaa naye anapotetemeka. Alisikia malalamiko tu. Nikamwambia, "Haya, njoo ukae."

Akaja. Tukamshika miguu, mimi huku, yeye kule, Mkongo akimpangusa jasho. Kijana alitutukana sote. Wifi aliinuka mara nyingi kuelekea mlangoni, nami namkazia macho, kisha akarudi kukaa. Daktari akaendelea kupunguza hadi vidonge vikaisha. Leo mwanangu anashona nguo hapa mjini. Kila asubuhi bado namtazama macho, naye anakasirika. Na akasirike.

Daktari, asante. Jirani yangu, niliyekunusia samaki, asante, mimi sina la kukulipa. Na nyinyi wenye wagonjwa, msimchunguze mgeni mlangoni mkamsahau mwenye huruma jikoni. Mwiteni aone kijana anavyotetemeka, ashike mguu mmoja. Na sahani zifunueni, aibu itapita.

Wifi yangu bado anatuletea chakula kila Ijumaa. Anavuka uwanja wote, nzi wanaifuata sahani, na kawa amelibana kwapani.