Mama Pamba, Fundi Magodoro Aliyefia Kwenye Kochi

Marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye karibu kila mtu hapa alimwita Mama Pamba, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1954 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mdogo wake wa pekee ndiye huyu aliyekaa kiti cha mbele na fimbo yake. Ndiye aliyetaka wasifu huu usomwe wote, maana kuna walioomba sehemu irukwe.

Alisoma mpaka darasa la tano. Baba yao alihamishiwa kituo kingine katikati ya mwaka, na huko hakuna aliyekumbuka kumwandikisha shule. Ndoo ya kutekea maji walikumbuka kumnunulia. Hasira hiyo alizeeka nayo. Ukimwambia, "Mama, zamani mambo yalikuwa hivyo," anakukata kauli: "Hayakuwa hivyo yenyewe. Kuna mtu aliyafanya yawe hivyo."

Ufundi wa magodoro ya pamba alifundishwa na mjane jirani yao, na mwaka 1975 akafungua kibanda chake nyuma ya soko. Alichambua pamba kwa vidole, akaianika, akaishindilia, akashona kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Vumbi la pamba lilimkaa kwenye nyusi mpaka wanawe wakawa wanamwita bibi kabla hajapata mjukuu.

Watu walimletea pia magodoro ya marehemu wao, yafumuliwe na kushonwa upya. Hapo alikuwa na utaratibu wake. Hakati uzi kwanza. Analilaza godoro chini, anapitisha kiganja taratibu, kisha anamkalisha aliyelileta na kumwambia, "Haya, nieleze habari za mwenyewe." Wengine walinuna kwamba anawachelewesha. Mzee mmoja mpiga chapa alileta godoro alilolala na mkewe, akataka bonde la mkewe, upande wa ukutani, lisawazishwe.

"Nikilisawazisha, baba, ukigeuka utapapasa nini?"

Mzee aliligusa lile bonde. Halafu akasema, "Basi shona kingo tu."

"Kingo nitashona. Na chai utakunywa?"

"Nitakunywa."

Kuhusu kifo hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Mtu akishakufa mtamlaza popote, hatalalamika. Mlazeni vizuri angali anajigeuza."

Mwaka 1977 aliolewa na mpiga rangi wa majumba, aliyefika kibandani kuagiza godoro la mtu mmoja. "La mtu mmoja?" akamwuliza. "Na ukioa?" Yule bwana akajibu kwamba atarudi kuagiza lingine. Alirudi wiki ileile, ila hakuja kwa godoro. Walijaliwa wana wawili na binti mmoja. Mume alifariki mwaka 1999, na tangu hapo kibanda kile ndicho kilichowalisha watoto na kuwasomesha, wakubwa hao wawili mpaka chuo.

Moyo na kifua vilianza kumsumbua mwaka 2019, miguu ikawa inavimba. Alihamia kwa binti yake, mtoto wa mwisho, kwenye chumba kimoja. Godoro alilojishonea mwenyewe likawekwa chini ya dirisha, na mjukuu mchanga akawa analala pembeni yake. Alikuwa anasema, "Hapa napumua."

Februari mwaka huu wanawe wawili wa kiume walikuja na gari.

"Watu watatuonaje?" akasema mkubwa. "Mama ana watoto wenye majumba, analala sakafuni na kitoto kinalia!"

"Kaka, nani kakwambia yuko vibaya? Si huyo hapo, muulizeni."

"Mgonjwa haulizwi. Anabebwa."

Akabebwa. Godoro likaachwa mlangoni kwa sababu pamba ingechafua viti vya gari. Walisema litafuatwa kesho. Halikufuatwa. Binti alilipeleka mwenyewe kwa mkokoteni hadi nyumbani kwa kaka mkubwa, na mlinzi wa getini, macho chini, akamwambia ameagizwa asilipokee.

Vyumba vya kulala vilikuwa juu, na ngazi hakuziweza. Chini kulikuwa na chumba cha wageni, kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, mlango umefungwa kwa ufunguo. Mama Pamba alilazwa kwenye kochi la sebuleni. Lilikuwa fupi na linateleza, kwa hiyo mwishowe alilala amekaa. Wageni wakija, anafungwa kitambaa kizuri kichwani. "Mama, umependeza! Uko kwenye jumba!" Naye anaitikia, "Tunashukuru." Binti alipoomba chumba kile kifunguliwe, mke wa kaka alimwambia, "Aa, wifi, mama anapenda kuona watu."

Alifariki tarehe 2 Juni 2023 asubuhi, amekaa, kichwa kimeegemea mkono wa kochi, televisheni ikiongea peke yake. Siku hiyohiyo chumba cha wageni kilifunguliwa, ili waombolezaji wapate pa kulala.

Kaka mkubwa aliomba hapa isomwe kwamba aliugua kwa muda mfupi, akaaga dunia akiwa amezungukwa na wanawe.

"Amezungukwa na nani, mwanangu?" mama mdogo akamwuliza mbele yetu. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Mama mdogo, tusimwaibishe marehemu."

"Marehemu hana aibu yoyote. Hiyo aibu ni yako, ibebe mwenyewe."

Kwa hiyo imesomwa ilivyokuwa. Hatukuisoma ili mtu apigwe mawe. Tumeisoma kwa sababu jana, maturubai yakifungwa, wana walewale walikuwa getini wakipanga nani atamchukua mama mdogo, ambaye sasa magoti yamemkataa, na gari litakuja lini. Mwenyewe alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo. Hakuna aliyegeuza shingo.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake huyu. Masikio yake ni mazima. Kabla gari lolote halijawashwa hapa, mmoja wenu achutame mbele ya kile kiti, amwulize anataka kulala wapi, kisha asubiri jibu mpaka limalizike.

Na Mama Pamba, Mungu ampe mahali pa kunyoosha miguu.