Mzee Pua, Jaji Aliyeogopa Kukosea

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2013, marehemu alisimamisha mashindano ya bia za nyumbani kwa sababu chupa moja ilikuwa katika kundi lisilo lake. Mwenye chupa, fundi umeme, alikuja juu.

"Kwani mzee, bia si tamu?"

"Tamu sana. Ila umeandika nyepesi, na hii ni nyeusi kama oili chafu. Nikikupa wewe ushindi, yule aliyehangaika na bia nyepesi kweli nitamwambia nini?"

Wengi waliuita ule ukali. Mkewe alijua kwamba ni woga. Marehemu aliogopa kukosea, na woga huo alikuwa nao tangu kazini.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani na karani wa stesheni. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea ufundi wa maabara, na mwaka 1980 akaajiriwa katika mtambo wa kusafisha maji ya mji. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kipimo chochote, alinusa maji kwenye glasi. Wenzake ndio waliomwita Pua, na umri ulipomwongezea Mzee, jina likakamilika. Hakuwahi kuipitisha glasi aliyoitilia shaka, hata mkubwa wake alipokuwa mlangoni akimhimiza. Alistaafu mwaka 2013.

Alimwoa mkunga tarehe 20 Desemba 1986. Mkunga husimulia kwamba katika siku zao za kwanza za uchumba, kijana yule alimsogelea na kumwambia, "Hospitali yenu imebadilisha sabuni." Mkunga alisubiri maneno matamu. Hayakuja. Walijaliwa watoto watatu.

Bia alianza kupika jikoni kwake mwaka 2009, na miaka minne baadaye chama cha wapishi wa bia za nyumbani kilimfanya jaji mkuu. Yeye ndiye aliyetenganisha makundi: nyepesi, kahawia, nyeusi, za matunda, na kundi la mwisho la zile zisizofanana na nyingine. Chupa zilifunikwa karatasi ili mwenye chupa asijulikane. Jaji alinusa kwanza, povu likiwa bado juu, ndipo akaonja. Hakuna aliyefungua mdomo kusema mpaka wote wawe wameweka alama. Swali la kwanza halikuwa kama bia inapendeza, bali kama ni ya aina aliyoiandika mpishi wake. Wapo waliolalamika kwamba bia nzuri zilianguka kwa sababu tu ya kundi lililoandikwa kwenye karatasi. Aliwajibu kwamba bila makundi, jaji hutoa zawadi kwa kinywa chake mwenyewe.

Februari 2023 pua yake iliziba. Alidhani ni mafua. Mafua yakaisha, harufu haikurudi. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alikuwa akichukua kipande cha sabuni, kisha kitunguu saumu, kisha kahawa, akivuta pumzi juu ya kila kimoja, na mkewe alidhani ni mambo yake ya bia.

Kwenye mashindano ya Septemba mwaka huo alikaa kwenye kiti chake kama kawaida. Alama zilipokwisha kuwekwa, mwoka mikate, aliyekuwa jaji mwenzake, alimwinamia. "Mzee, hii ya nyepesi mbona inanuka yai viza?"

"Hamira hiyo. Itapita."

Mwoka mikate alifuta alama yake na kuandika nyingine. Aliamini pua ya mzee kuliko yake mwenyewe. Bia ile ikashinda.

Tarehe 17 Oktoba mkunga alirudi kutoka sokoni, akakutana na harufu ya gesi tangu ukumbini. Jikoni, kimea cha bia kilikuwa kimechemka, kikafurika na kuzima moto. Mtungi wa gesi ulikuwa wazi. Mumewe alisimama kando ya sufuria, ametulia, mkononi ana kiberiti.

"Usiwashe! Baba, usiwashe!"

"Kuna nini?"

Alimpokonya kiberiti, akafunga mtungi, akafungua madirisha. Marehemu alikaa kwenye stuli. "Sinusi, mama. Tangu Februari sinusi kitu. Niliogopa kusema."

Tarehe 4 Novemba aliwaambia wanachama wote, na ushindi wa bia nyepesi ukafutwa. Akapendekeza sheria mpya: kila jaji apimwe pua kabla ya chupa kufunguliwa, kwa vikombe vilivyofunikwa, kimoja kikiwa na maji matupu. Akataka aanze yeye. Alishindwa vyote. Akainuka, akaenda kukaa na wageni.

Mwezi huohuo daktari aliona uvimbe wa saratani nyuma ya pua. Ulikuwa umeachwa ukue. Alitibiwa kwa mionzi, akapata nafuu, kisha uvimbe ukarudi shingoni. Daktari aliiambia familia kwamba ugonjwa huu huweza kuwapata watu wa damu moja. Tangu hapo nyumba ile haikulala vizuri. Mtu akipiga chafya, wengine waligeuka kumtazama. Mwezi uliopita, akiwa wodini, marehemu aliwatazama wanawe mmoja mmoja na kuwauliza, "Nani kati yenu ananificha kitu?" Binti wa mwisho akasema kwamba amekuwa akitokwa damu puani tangu Machi.

"Umemwambia nani?"

"Wewe, baba."

"Mwambie daktari. Usinifuate kwa ujinga wangu."

Alifariki Jumapili, tarehe 8 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na dada mmoja. Alale pasipo hofu.

Jumatatu, tarehe 16 Juni, binti wa mwisho atapimwa katika kliniki ya masikio, pua na koo. Mama yake atakwenda naye.